Mkuki Nyuma ya Mlango: Mlinzi wa Nyumba au Hatari ya Ndani?

Ndugu msomaji, ikiwa umezaliwa au kulelewa chini ya Milima ya Uluguru, yaelekea umewahi kuuona mkuki uliosimamishwa nyuma ya mlango. Huenda ulikuwa wa babu, au wa mjomba, kwa kuwa kwa Waluguru mtu huhesabiwa katika lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mpwa ndiye anayesimama mahali pa mjomba wake. Mti wa mkuki huo umeng'aa kwa kushikwa na mikono ya watu ambao sasa ni marehemu. Chuma chake kimeshika kutu. Baba mwenye nyumba akiulizwa na watoto kazi ya kitu hicho, hujibu kwa neno moja tu: "Wezi."

Jibu hilo linastahili kupimwa. Kuvunjiwa nyumba usiku si hadithi ya kubuni, na mfanyakazi anayekwenda zamu ya usiku akimwacha mkewe na watoto Kihonda au Mji Mpya hana sababu ya kuchekwa anapotafuta kinga. Lakini je, mkuki waweza kuifanya kazi hiyo anayoutarajia? Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Basi na tuufuate mkuki huo kutoka milimani hadi chumbani, ndipo tutoe hukumu.

MILIMA ILIYOKUWA NGOME

Karne ya 19 ilikuwa karne ya mashaka katika nchi hii. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita katika tambarare zilizo chini ya Uluguru, na kutoka kusini yalikuja mashambulio ya Wambunga wa bonde la Kilombero, waliokuwa wamejifunza vita kwa mtindo wa Wangoni. Wangoni wenyewe, wakiongozwa na Zwangendaba, waliuvuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaja kaskazini na mkuki mfupi wa kuchomea.

Tofauti ya mikuki hiyo ni kubwa. Mkuki wa kurusha ukishatoka mkononi umekwenda, na adui aweza kuuokota akakurudishia. Mkuki wa kuchomea hauachwi, lakini humlazimu mwenye nao kusogea hadi asikie pumzi ya adui wake. Kwa hiyo huhitaji ngao katika mkono wa kushoto, mazoezi ya tangu ujanani, na zaidi ya yote, mwenzako kulia na mwenzako kushoto.

Watu wa Uluguru walifanyaje? Walipanda juu. Walijenga katika migongo ya milima, mahali ambapo mgeni hawezi kufika bila kuonekana akiwa bado mbali, tena akihema. Mlima wenyewe ndio uliokuwa ngao, na mkuki ulikuwa msaidizi.

Huko chini, mahali ulipo mji wa Morogoro, Kisabengo alikusanya watu na kujenga mji wenye boma. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871, Kisabengo alikuwa amekwisha kufariki, na mji ulikuwa chini ya binti yake, Simbamwene. Stanley alikuta ukuta wa mawe wenye mnara katika kila pembe na lango katika kila upande. Mwaka uliofuata mafuriko yalibomoa sehemu ya ukuta huo. Lakini tazama, msomaji: hata mtawala aliyekuwa na watu wenye silaha hakutegemea silaha peke yake. Alitanguliza ukuta, lango na macho ya watu wengi.

VITA VIWILI, FUNZO MOJA

Wako wanaosema kwamba mkuki ulikwisha thamani siku bunduki ilipoingia. Si kweli kabisa. Agosti 17, 1891, huko Lugalo katika nchi ya Uhehe, wapiganaji wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Walijificha vichakani hadi msafara ule ulipokuwa karibu kabisa, kisha wakauvamia kwa pamoja kabla askari hawajapata nafasi ya kujipanga. Zelewski aliuawa na sehemu kubwa ya kikosi chake ikaangamia.

Miaka 14 baadaye, katika Vita vya Maji Maji, mambo yalikuwa kinyume. Agosti 30, 1905, wapiganaji waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, ambako leo ni katika Mkoa wetu wa Morogoro. Hawakukosa ushujaa. Walikosa kichaka. Walikwenda katika uwanja ulio wazi kuzikabili bunduki za mtambo, wakaanguka wengi mno, wengine wakiwa wamebakiza hatua chache kuwafikia adui.

Funzo ni moja. Nguvu ya mkuki haimo katika chuma. Imo katika mahali, wakati na umoja wa watu wanaoushika. Katika Ngao ya Taifa letu mkuki umesimama wima kuonyesha ulinzi wa uhuru, lakini hauko peke yake: upo pamoja na mwenge, shoka na jembe, na wanaoishika ngao hiyo ni wawili, mwanamume na mwanamke.

SHAMBANI NDIKO KWAKE

Mahali ambapo mkuki umefanya kazi ya halali kwa muda mrefu zaidi ni shambani. Nguruwe mwitu akiingia katika mahindi usiku mmoja, jasho la msimu mzima limekwenda. Ndiyo maana wakulima hulala katika dungu, na ndiyo maana zamani vijana walitoka kwa pamoja na nyavu, mbwa na mikuki.

Kazi hiyo nayo haina mzaha. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560 na kujeruhi zaidi ya 300, hasa katika wilaya za kusini mashariki. Wataalamu hao waligundua kuwa simba huingia mashambani wakiwafuata nguruwe, na humkuta binadamu amelala kwenye kibanda chake. Kwa hiyo hata huko mkuki wa mtu mmoja ni faraja ndogo. Kinachookoa ni dungu lililo juu na imara, moto, na wenzako walio karibu.

CHUMBANI, SAA NANE YA USIKU

Sasa turudi mjini. Fikiri, ndugu msomaji, umelala katika chumba chenye upana wa futi kumi. Kuna kitanda, kabati, chandarua, ndoo za maji na watoto wawili chini kwenye mkeka. Umeme umekatika. Unasikia mlango unasukumwa.

Unaushika mkuki ulio mrefu kama wewe mwenyewe. Nafasi ya kuugeuza iko wapi? Ncha itanasa katika chandarua, na upande wa nyuma utagonga ukuta au mtoto aliyeamka kwa hofu. Ukichoma ukakosa, aliye mbele yako ataudaka mti wake, na hapo mmekuwa wawili mnaogombea silaha moja, naye huenda ana mwenzake nje.

Lakini swali kubwa zaidi ni hili: ni nani huyo mlangoni? Huenda ni mwizi. Huenda pia ni shemeji kutoka Matombo aliyekosa gari la mapema akashuka Msamvu usiku. Huenda ni kijana wako aliyechelewa, anayejaribu kuingia kimya kimya asikukasirishe. Huenda ni jirani mlevi aliyekosea mlango, au mwingine aliyeleta habari ya msiba. Gizani wote hao ni kivuli kimoja. Mkuki hauulizi jina, na ukishaingia hauombi radhi.

Tena si usiku tu. Silaha iliyo nyuma ya mlango iko karibu na kila ugomvi wa nyumba hiyo: wa mume na mke, wa ndugu wanaogombea kiwanja, wa mpangaji na mwenye nyumba. Hasira ya dakika moja hutafuta kitu kilicho karibu na mkono. Na mtoto anayecheza "askari na mwizi" hajui kwamba chuma kilichoshika kutu bado kinachoma.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya nchi haimnyimi mtu haki ya kujitetea. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vinavyofuatana nacho, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Lakini nguvu inayotumika lazima iwe ya kadiri, ile tu inayohitajika kwa ulinzi huo. Anayezidisha kiasi hujibu mbele ya mahakama, na akisababisha kifo kwa kuzidisha, anakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Mwizi anayekimbia na redio yako begani si sawa na mtu anayekujia na panga. Ukimchoma wa kwanza mgongoni, huenda redio ikabaki nyumbani na wewe ukaenda gerezani.

Na ikiwa mtu amekwisha jeruhiwa, awe mwizi au mwenye nyumba, lishike neno hili: chuma kilichokwama mwilini kisichomolewe. Mara nyingi hicho chenyewe ndicho kinachozuia damu. Kandamiza pembeni mwa jeraha kwa kitambaa safi, kizuie chuma kisitikisike, na mfikishe hospitali haraka. Fomu ya polisi, PF 3, ina mahali pake, lakini uhai wa mtu hutangulia.

ULINZI ULIO BORA

Tufanye nini basi? Tufanye walivyofanya waliotutangulia: tutangulize ukuta, lango na macho ya wengi. Komeo imara la ndani ni bora kuliko mikuki miwili. Taa mlangoni, majani yaliyofyekwa, filimbi kando ya kitanda, na makubaliano na majirani kwamba filimbi ya mmoja ni filimbi ya wote. Hayo ndiyo yanayomkimbiza mwizi, kwa sababu mwizi haogopi chuma kama anavyoogopa kujulikana.

Wananchi wa Shinyanga na Tabora walionyesha nguvu ya umoja huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipoanzisha sungusungu dhidi ya wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 vikundi hivyo vikatambuliwa na sheria. Hata hivyo, umoja nao una mipaka. Anayekamatwa apelekwe polisi. Watu mia wanaompiga mtu mmoja hadi kufa hawajalinda mtaa. Wameongeza wauaji ndani yake.

Na mkuki wa mjomba? Usiutupe, ndugu msomaji. Uondoe nyuma ya mlango. Ufute kutu, uufunge juu ukutani mahali ambapo mkono wa mtoto na mkono wa hasira haufiki upesi. Kisha siku moja ya mapumziko, waketishe watoto chini yake, uwasimulie habari za milima ile inayoonekana dirishani na watu waliokimbilia huko wakabaki salama kwa kuwa walikuwa pamoja. Na usiku shemeji akibisha hodi, sauti yako itangulie: "Nani wewe?"