Setilaiti Ikichokozwa, Nani Atoe Amri?

Dereva wa teksi anayefuata ramani ya simu, awe Dar es Salaam au Mombasa, kwa sehemu kubwa anaongozwa na setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya jeshi la Marekani. Ziko takriban 31, kilomita 20,200 juu yetu, na wanaoziendesha ni askari wanaokesha mbele ya kompyuta huko Colorado. Tangu 20 Desemba 2019 askari hao wamo katika Kikosi cha Anga za Juu, tawi jipya la kwanza nchini humo tangu Jeshi la Anga lilipojitenga mwaka 1947.

Kwa miaka mingi setilaiti ilihesabiwa kuwa mtambo wa huduma tu: irushwe, itunzwe, itumike. Mwaka 2007 China ikalipua kwa kombora setilaiti yake chakavu ya hali ya hewa, Fengyun-1C, na kuacha vipande zaidi ya 3,000 vikizunguka dunia. Urusi ikafanya kama hayo Novemba 2021. Ila uchokozi wa kila siku hauna kishindo. Mawimbi ya GPS hufika ardhini yakiwa hafifu mno, na mtambo unaobebwa na lori unatosha kuyavuruga. Tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, wadukuzi walizima maelfu ya modemu za mtandao wa setilaiti wa KA-SAT. Hata kampuni za umeme wa upepo Ujerumani zilishindwa kuwasiliana na mitambo yake. Setilaiti yenyewe haikuguswa.

Hapo ndipo mpangilio wa zamani wa jeshi la Marekani ulipoonyesha udhaifu wake. Anayeendesha setilaiti alikuwa na bosi wake. Mhandisi anayetunza mtambo na kurekebisha programu zake alikuwa na bosi mwingine, kwenye kamandi nyingine. Mawimbi yakivurugwa, ombi la marekebisho lilipaswa kupanda ngazi upande mmoja na kushuka upande wa pili, huku adui akiendelea na kazi yake. Kuanzia 2023 Marekani ilijaribu kuwaweka watu hao chini ya kamanda mmoja, ikianza na vikosi vya GPS na vya vita vya mawimbi. Zamu nazo zimepangwa upya. Zamani askari aliingia zamu mwaka mzima bila nafasi ya kujifunza namna ya kupambana na mtu anayemwinda; sasa anatolewa zamu kwa kipindi maalumu akafanye mazoezi, kisha anarudi. Kwangu mimi, mageuzi yenye uzito ni haya mawili. Mengine ni nembo na sare.

China ilianza kwa njia tofauti. Mwishoni mwa 2015 ilikusanya anga za juu, vita vya mtandao na vita vya mawimbi katika kikosi kimoja, Kikosi cha Msaada wa Kimkakati. Tarehe 19 Aprili 2024 ikakivunja. Mahali pake yakaja matawi matatu, la anga za juu, la mtandao na la usaidizi wa habari, yote yakiripoti moja kwa moja kwa Tume Kuu ya Kijeshi inayoongozwa na Xi Jinping. Beijing imeondoa ngazi ya kati. Washington imeunganisha watu wa chini. Wote wawili wanakimbizana na muda unaopotea kati ya shambulio na amri.

Tukirudi Marekani, usichanganye Kikosi cha Anga za Juu na Kamandi ya Anga za Juu. Kikosi hufundisha askari na kununua vifaa; Kamandi ndiyo inayoongoza vita. Makao makuu ya Kamandi yamegombaniwa na wanasiasa kama kiwanja cha urithi: Januari 2021 ikachaguliwa Huntsville, Alabama, 2023 Biden akaamua yabaki Colorado Springs, Septemba 2025 Trump akatangaza kuyahamishia Huntsville. Mvutano huo umekula zaidi ya miaka minne, na haujaongeza setilaiti hata moja.