Bawabu wa Mtandao wa Parokia: Kupanga Kanuni za Ukuta wa Kinga kwenye Ruta

Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na inamtaka paroko aangalie visije vikaangukia mikononi mwa watu wasiohusika. Sheria hiyo ilitangazwa mwaka 1983, wakati kitabu cha ubatizo kilikaa kabatini na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Padre. Leo parokia nyingi zimenakili orodha hizo kwenye kompyuta ya ofisi, na pengine kompyuta hiyo hutumia ruta ileile inayowapa wanakwaya intaneti jioni ya mazoezi.

Wapendwa waamini, tukumbuke yaliyoandikwa humo: mtoto aliyeasiliwa, mama ambaye hakumtaja baba wa mwanawe, ndoa iliyotamkwa kuwa batili. Ni siri za watu waliolikabidhi Kanisa maisha yao.

Mawasiliano ya mtandao husafiri katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya ilikotoka, anwani ya inakokwenda na, mara nyingi, namba ya mlango, ambao mafundi huuita poti: 443 kwa tovuti salama, 53 kwa kutafuta majina ya tovuti, 3389 kwa kuiendesha kompyuta ya Windows kutoka mbali. Ukuta wa kinga, yaani faiawoli, husoma maelezo hayo, kisha huipitisha pakiti au huitupa. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 66 ya Kanuni yake, anataka langoni mwa monasteri akae mzee mwenye busara ajuaye kupokea ujumbe na kutoa jibu. Ruta nyingi huja na bawabu wa namna hiyo. Shida ni kwamba hajaelezwa nani ni wa nyumbani na nani ni mgeni.

Maelezo hayo ndiyo kanuni, na mpangilio wake una uzito kuliko wingi wake. Katika ruta kama za MikroTik, kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayoruhusu au kukataa pakiti ndiyo inayoamua. Ukiweka juu kanuni ya kuruhusu yote, kisha chini yake ukaandika kwamba wageni wasifike ofisini, katazo hilo litaonekana kwenye orodha lakini halitafanya kazi hata siku moja. Kwa hiyo anza kwa kuruhusu majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa kutoka ndani, na kutupa pakiti zisizoeleweka. Kisha ruhusu ofisi kwenda intaneti, kataza wageni kwenda ofisini, ruhusu wageni kwenda intaneti, na mwisho kabisa kataza yote yaliyosalia. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayotunza yale ambayo hatukuyafikiria.

Hata hivyo, kanuni hizo hazitasaidia ikiwa wageni na ofisi wako katika mtandao mmoja. Kompyuta zilizo katika mtandao mmoja kwa kawaida huzungumza moja kwa moja bila kupita mbele ya bawabu. Lazima kwanza Wi-Fi ya wageni iwe na mtandao wake, wenye anwani zake.

Yako pia mawasiliano yanayoielekea ruta yenyewe, na haya huandikiwa kanuni za peke yake. Ukurasa wa kuiendesha ruta ufunguke kutoka kompyuta ya ofisi tu, kamwe usifunguke kutoka nje. Wageni waachiwe kuomba anwani na kutumia mlango 53 ikiwa ruta ndiyo inayowatafutia majina ya tovuti. La sivyo watalalamika kwamba hakuna intaneti, na fundi aliyechoka ataondoa kanuni zote kwa pamoja.

Kuhusu kamera za ulinzi, sisi hatushauri kufungua mlango wa nje ili Padre azitazame akiwa safarini. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kuzijaribu tu manenosiri ya kiwandani. Atumie VPN, na nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ileile kifaa kinapofungwa. Huduma ya UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia milango vyenyewe, izimwe. Na kama mtoa huduma ya intaneti anatoa pia anwani za IPv6, kanuni ziandikwe na huko, kwa kuwa katika ruta nyingi zile za IPv4 hazizigusi.

Kazi hii isifanywe Jumamosi jioni, wakati matangazo ya Misa yanasubiri kuchapwa. Kosa moja laweza kumfungia nje fundi mwenyewe. MikroTik ina hali ya usalama inayofuta mabadiliko mawasiliano na fundi yakikatika, nayo iwashwe kabla ya kuanza. Kazi ikiisha, unganisha simu kwenye mtandao wa wageni ujaribu kuifikia kompyuta ya ofisi. Ikishindikana, chapa orodha ya kanuni na maelezo ya kila moja, uiweke kabatini pamoja na vitabu vya ubatizo, ili katibu ajaye asilazimike kumtafuta fundi aliyekwisha kuhamia mji mwingine.