Mafunzo kwa vitendo ya saikolojia

Mafunzo kwa vitendo ya saikolojia ni sehemu ya masomo ya chuo kikuu ambapo mwanafunzi wa saikolojia hufanya kazi kwa muda mahali pa kazi halisi, kama vile shule, hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii. Nchini Tanzania wanafunzi wengi huyaita kwa kifupi "fildi".

Vyuo na masomo

Saikolojia kama sayansi ya majaribio huhesabiwa kuanza mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani. Nchini Tanzania somo hili lilikua hasa ndani ya elimu ya ualimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya elimu katika saikolojia, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, iliyoanza miaka ya 1920, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili.

Utaratibu

Kwa kawaida fildi hufanyika wakati wa likizo ndefu na huchukua wiki kadhaa. Chuo hutoa barua ya utambulisho, na mwanafunzi hupangiwa msimamizi kazini. Kila siku huandika alichofanya, na mwishoni hutoa ripoti. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huweza kugharimia mafunzo hayo kwa wanaostahili mkopo.

Mfano wa Rukwa

Mwanafunzi anayetoka Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Kalambo, husoma mbali na kwao. Akirudi mkoani Rukwa kwa fildi, nafasi zilizo karibu ni za shule, vituo vya afya na ofisi za halmashauri. Huduma kubwa zaidi ziko Sumbawanga, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara.

Faida yake ni lugha. Baadhi ya wazee hujieleza vizuri zaidi kwa Kifipa au Kilungu kuliko kwa Kiswahili. Mgonjwa akitafsiriwa na ndugu yake, huenda asiseme linalomsumbua, hasa kama linamhusu ndugu huyohuyo.

Ugumu wake ni kwamba watu wanafahamiana. Anayekuja kwa ushauri nasaha anaweza kuwa jirani au mwalimu wa zamani wa mwanafunzi. Kwa hiyo siri ni sharti la kwanza: majina hayaandikwi katika ripoti, na mazungumzo hayarudiwi nyumbani. Isipokuwa kama kuna hatari kwa uhai au mtoto anadhulumiwa: hapo msimamizi huarifiwa mara moja.

Jambo lingine ni imani. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa mara nyingi kuwa "tupa uchawi", na kama kwingineko Afrika Mashariki, kifafa au kusikia sauti huweza kuelezwa kuwa kurogwa. Mwanafunzi akidharau maelezo hayo, familia haitarudi. Akiyakubali tu, mgonjwa hukosa dawa ambazo zingemsaidia. Hufundishwa kusikiliza kwanza, kisha kushauri hospitali bila kugombana na familia.

Mipaka

Mwanafunzi haandiki dawa wala hatoi jina la ugonjwa peke yake. Tena muda wake ni mfupi: kabla ya kuondoka hupaswa kumkabidhi kila mteja kwa mtumishi anayebaki, ili msaada usikome siku fildi inapokwisha.