Msiba na Mwendo: Msafara wa Chuma na Susi, 1873–1874

Mfiwa huambiwa akae, apumzike. Hata hivyo, historia ya misafara yaonyesha kwamba wako waliostahimili msiba kwa kutembea. Makala haya yanaeleza mfano mmoja uliotukia mashariki ya Lubumbashi, ng'ambo ya mto Luapula.

David Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wapatao 60 wakabaki bila tajiri na bila hakika ya ujira. Viongozi wao, Abdullah Susi na James Chuma, walikuwa wamezoea dhiki: Chuma, Myao, alitiwa utumwani angali mtoto, akakombolewa mwaka 1861. Baada ya kushauriana, walikata neno kuupeleka mwili pwani. Moyo ulizikwa chini ya mti. Jacob Wainwright akasoma sala.

Mwendo ulizidi kilometa 1,600. Mwanzoni wengi waliugua, msafara ukakwama kwa majuma kadhaa. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron aliwashauri wamzike huko, wakakataa. Mbele zaidi, wenyeji walipozuia maiti kupita, walifunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe. Mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Ni nini kilichowategemeza? Bila shaka utaratibu wa msafara ulisaidia: kiongozi mbele, kila mtu na mzigo wake, kambi jioni. Lugha nayo yatoa mwanga. Neno "mpagazi" latokana na "kupagaa", yaani kuchukua begani; na kitenzi hicho hicho hutumika kwa pepo anayempanda mtu, naye husemwa "amepagawa". Mzigo wa begani hutuliwa kila jioni, ukachukuliwa tena asubuhi. Huzuni iliyopewa kazi ya namna hiyo humchosha mtu, lakini haimtawali.

Shukrani haikuwa kubwa. Mwili ulipozikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874, katika msafara ule ni Wainwright pekee aliyekuwapo. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, wakasaidia kuandaa shajara za marehemu zichapwe. Kisha wakarejea kwenye misafara: Chuma aliongoza wasafiri wengine kabla ya kufariki mwaka 1882, na Susi akafanya kazi na Stanley kwenye mto Kongo. Mwendo uliowavusha katika msiba ndio uliokuwa maisha yao.