Maneno ya Kidato cha Kwanza

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo sisi kina mama wa Kariakoo huwatuma watoto kutufungia mizigo Mtaa wa Kongo, tukisahau kwamba yule aliyesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi ataikuta kwa Kiingereza.

Mwanetu aliandika daftarini kwamba "solution" ni suluhisho. Kwa ugomvi wa majirani ni sawa! Lakini mwalimu wa kemia alikuwa akieleza chumvi iliyoyeyuka majini, yaani myeyusho. Maana ile aliipata Google Translate, iliyoanza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009. Haikumdanganya, aliiuliza neno likiwa peke yake. Siku hizi huandika sentensi nzima ya kitabu, kisha hubonyeza alama ya spika asikie linavyotamkwa. Halafu hulinganisha na kamusi ya TUKI ya mwaka 1996, ambayo kwa bahati hatukuwapa wauza karanga.

Kupata maana ni kazi ndogo, mama mwenzetu. Kazi ni kukumbuka. Sisi wauguzi twajua dozi ya siku saba hainywewi yote Jumatatu. Na maneno ni vivyo hivyo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau upesi zaidi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa siku mbalimbali hufaa kuliko kukariri kwa mkupuo. Programu iitwayo Anki hufuata njia hiyo. Mtoto huandika neno upande mmoja wa kadi, na maana pamoja na sentensi upande wa pili. Neno alilokosa hurudi mapema. Alilolijua hukaa siku nyingi. Kwenye simu za Android ni ya bure, na kurudia kadi hakuli bando.

Maneno matano kwa siku yatosha. Keti naye robo saa, maana ukimwachia simu na kwenda jikoni utamkuta kwenye video. Kama hujui Kiingereza, usione haya. Mwambie akueleze neno kwa Kiswahili. Utatambua mara moja kama anababaisha.

Wetu alianza na maneno ya kwenye maboksi ya dukani: "fragile", "keep dry". Juzi alimsomea mteja boksi zima la pasi, na mteja akasubiri hadi mwisho ndipo akalipa.