Tope la Ruvuma Lina Habari

Mzee mmoja wa Msimbati aliwahi kuniuliza kwa nini wataalamu wanafunga tope la bahari kwenye vifuko kana kwamba ni dhahabu. Nilimjibu juu juu, hakuridhika, na alikuwa na haki. Leo nalipa deni.

Jambo lenyewe ni magnesiamu, ile inayoipa chumvi isiyosafishwa ule uchungu wake. Chembe zake ni za namna tatu, kwa uzito wa 24, 25 na 26. Katika kila chembe 100, kama 79 ni nyepesi, 10 za kati na 11 nzito. Ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kiumbe wa baharini anapojenga ganda la chokaa, huchukua zaidi zile nyepesi. Udongo wa mfinyanzi, uliotokana na miamba iliyooza huko bara, kwa kawaida hubaki na nzito zaidi. Tofauti ni ndogo mno, huhesabiwa kwa sehemu za elfu.

Sasa tazama mdomo wa Ruvuma. Mto unaleta tope kutoka milima ya Matogoro, kule Songea, na Ghuba ya Mnazi matumbawe yanajenga chokaa. Vyote hulala chini, tabaka juu ya tabaka. Mwenye mashine ya kupima anaweza kukisia kipi ni cha bara na kipi cha bahari, ingawa dolomiti ikijiunda ndani ya tope huvuruga hesabu.

Kilwa na Lindi udongo huo umekwisha kusema. Wataalamu walichimba wakapata maganda ya foraminifera, madogo kama punje za mchanga, yaking'aa kama kioo kwa sababu mfinyanzi uliyakinga na maji. Hapo walipima kiasi cha magnesiamu, si uzito wa chembe, maana maji yakiwa na joto ganda huingiza nyingi zaidi. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa bahari hii ilipoa kama digrii mbili na nusu, miaka milioni 34 hivi iliyopita, barafu ya Antaktika ilipokuwa ikikua.

Mzee wangu ujanani alichoma matumbawe kupata chokaa. Tangu mwaka 2000 eneo lile ni hifadhi ya bahari. Tumbawe likipita tanurini magnesiamu hubaki, ila mistari ya miaka yake imepotea. Nitamweleza hivyo, naye najua ataniuliza nyumba apake nini.