Jicho Moja Linapotokeza

Kwanza tuhakikishe jicho limetoka kweli. Pengine kope ya jicho la pili ndiyo iliyolegea, likaonekana dogo. Pengine mtu alipigwa ngumi zamani, mfupa mwembamba chini ya jicho ukavunjika na jicho likazama. Toa picha ya zamani, hata ya kitambulisho, ulinganishe. Kliniki tunapima kwa kifaa maalumu. Tofauti ikizidi milimita 2, tunatafuta sababu.

Tundu la jicho limezungukwa na mfupa, wazi mbele tu, na ujazo wake ni kama mililita 30. Kinachoongezeka humo hulisukuma jicho nje.

Kwa watu wazima, sababu inayoongoza ni ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Wengi wanajua kwamba hutoa macho yote mawili, kwa hiyo likitoka moja hawaifikirii tezi kabisa, ilhali hata hapo ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kinga ya mwili huishambulia tezi, na pia misuli na mafuta nyuma ya jicho. Kope ya juu hupanda, mtu akaonekana ameshtuka. Wengine hukonda na moyo huwaenda mbio. Wengine vipimo vyao vya damu huwa sawa kabisa. Sigara huuzidisha sana, na mgonjwa anayevuta namwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Kwa watoto hesabu hubadilika. Mtoto aliyekuwa na mafua, sasa ana homa, kope imevimba na jicho linamuuma akiligeuza, huenda ana maambukizi yaliyotoka kwenye sainasi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo: yanaweza kumpofusha au kufika kwenye ubongo. Mtoto mdogo mwenye weupe ndani ya mboni achunguzwe saratani ya jicho kabla jicho halijaanza kutoka. Na huku kwetu kuna uvimbe ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Hupenda taya, lakini husukuma jicho pia, tena hukua kwa kasi ya kutisha. Ajabu ni kwamba dawa za saratani huuyeyusha vizuri.

Aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa, kisha jicho likawa jekundu, likadunda pamoja na moyo, asingoje: huenda mshipa mkubwa wa damu nyuma ya jicho umepasuka. Jicho linalotoka polepole kwa miaka, bila maumivu, mara nyingi lina uvimbe usio saratani. Picha ya CT huonyesha ulipo, na mwingine huachwa ukachunguzwa tu.